Uga Mwingine

Kitabu cha fizikia kinauita uga wa umeme.
Bi Somoe Likwema, aliyepeleka malalamiko ofisi ya kata,
anajua uga mmoja tu, ule wa mbele ya nyumba,
anaoufagia kabla jua halijapanda
hadi michirizi ya ufagio ilale upande mmoja kama nywele.
"Kwani upo uga mwingine humu?" aliniuliza. "Nani kaumwaga?"

Nikaelekeza kidole mnarani.

Mara ya kwanza nilikuja Newala mwezi wa salfa,
mikorosho imejaa vumbi la njano, mimi napiga chafya,
mkononi kipimo cha chuma.
Nikisogea, namba inasogea.
Nikikohoa, inaruka.
Waya wake ulikuwa antena ya pili,
na mimi, maji na chumvi ndani ya ovaroli,
nilikuwa antena ya tatu.
Ni kama kwenda kusikiliza ugomvi wa mke na mume
huku umebeba ngoma.
Nilirudi Masasi na daftari lililojaa namba zangu mwenyewe.

Safari hii nimekuja na kioo.

Uzi mwembamba kama unywele,
mita sitini, umezungushwa kwenye gurudumu la mbao;
nchani fuwele, ndogo kama chenga ya mchele,
haina chuma, haina waya, haina betri.
Mwanga unakwenda umenyooka,
unapita ndani ya ile chenga,
na kama uga upo unarudi umejipinda,
kidogo tu, kama mtu aliyetoka ukweni
akasema huko kote ni salama.
Kujipinda huko ndiko ninakokusoma.

"Kinataka kitu cha kukishika kisicho chuma," nilisema,
na Bi Somoe akatoa mwanzi wa kuangulia mapapai,
mkavu, miaka minne juu ya moshi wa jiko.
Tukausimika. Ndani ya uga, uga.
Nikarudi nyuma hatua thelathini
nikachutama nyuma ya tangi la maji ya mvua,
maana kazi yangu kubwa siku hiyo
ilikuwa kutokuwepo.

Volti moja na nusu kwa mita.
Kitandani kwake, sifuri nukta nne.
Bandani kwa kuku, hivyo hivyo.
Akaitazama namba kama watu wanavyoutazama
mzani wa chama cha msingi msimu wa korosho.
"Unasoma vizuri. Lakini ni mzani wa nani?"
Sikuwa na jibu lililopimwa.

Sasa, alikuwepo Bakiri, fundi rangi wa mnara,
amekalia ndoo ya nyekundu, anasubiri zamu.
Yeye hakuna aliyemwandikia malalamiko.
"Dada, hicho kioo kinapanda?"
Kinapanda, nikasema, ila bila wewe.
Tukakivuta kwa kamba yake ya katani,
ile ya kupandishia ndoo.

Mita kumi: nne.
Mita ishirini: kumi na tisa.
Mita thelathini na mbili, usoni pa antena ya redio,
pale anapoegemeza goti akipaka nyeupe:
mia mbili na kumi.

Kwa jirani redio ilikuwa ikisoma salamu za wagonjwa,
safi kabisa, bila mkwaruzo.

"Huwa wanazima ukipanda?"
"Huwa wananiambia wamezima."
Akautazama mkono wa kushoto, akaukunja, akaukunjua.
"Pete huwa inachoma. Nilidhani ni jua."

Barua ya Bi Somoe ilikuwa na mistari miwili.
Ya pili nimeichana mara tatu,
kila mara kwenye neno *wamezima*.

Asubuhi nilipita kuaga. Uga ulikuwa umefagiwa,
nyayo zangu zote thelathini hazipo,
limebaki tundu la mwanzi, na kuku mmoja anachungulia ndani.
Ndoo ya Bakiri ilikuwa bado na kifuniko.
Mnara, mwekundu hadi kiunoni,
juu ya hapo kutu.